Jumatano Kando ya Mashine

Figo za mdogo wangu zilipokataa kufanya kazi, alihama Kyuso akaja kukaa nami Wote, awe karibu na hospitali. Kila Jumatano na Jumamosi alilazwa kando ya mashine ya kusafisha damu kwa muda wa masaa manne. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na sikuwa na masaa manne ya kumpa mtu yeyote. Nilikaa hapo nikisahihisha ripoti, nikipokea simu za wazazi.

Daktari alimpimia maji, nusu lita kwa siku, chai ikiwemo. Sisi tumekulia kiangazi, lakini kiu yake ilikuwa ya aina nyingine. Siku moja nilimkuta bafuni akinyonya kitambaa kibichi, analia.

Jumatano moja, simu ilipolia mara ya tano, akaniambia, "Dada, hebu izime."

"Nina shule, unajua."

"Najua. Lakini mimi sijui nimebakisha Jumatano ngapi."

Nikaizima. Kwa muda sikujua mikono yangu niiweke wapi. Muuguzi akamletea vipande viwili vya barafu kwenye kikombe. Kimoja mdogo wangu akanipa mimi.

"Usitafune," akasema. "Kiache kiyeyuke chenyewe."

Akafumba macho. Nami nikafumba. Nikasikia mashine ikizunguka, na nje mtu akifagia. Sikukumbuka ni lini nilikuwa nimekaa na ndugu yangu bila kumwambia la kufanya.

Tuliendelea hivyo Jumatano tisa. Hatukuzungumza mambo makubwa. Nilimchana nywele, zikawa zinabaki kwenye kitana, naye akajifanya haoni.

Alifariki Ijumaa asubuhi, mimi nikiwa kwenye mkutano wa wazazi. Tulimzika Kyuso. Udongo ulikuwa mgumu hata wachimbaji wakapokezana mtaimbo mara nyingi. Watu wa kanisa wakaniambia amepumzika.

Jumatano iliyofuata naibu wangu, kwa mazoea, akauliza, "Mwalimu, leo unatoka saa tatu kama kawaida?"

"Hapana," nikamwambia. "Sina pa kwenda."

Nikafunga mlango wa ofisi. Kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakamiminika uwanjani. Faili zilikuwa zimejaa mezani. Sikuzigusa. Niliwasikiliza watoto tu, mpaka wote wakarudi madarasani na kukawa kimya.