Bi Kazija na Fahali Aliyekaribishwa Muhogo

Pale kijijini, karibu na Pujini, mwanamke akiwa na karafuu za kuchuma, maiti ya kwenda kuzika au harusi ya kwenda kupika, mtoto wake alimpeleka kwa Bi Kazija. Bi Kazija alikuwa mjane, mfupi, mwepesi wa dhikri na mwepesi zaidi wa kucheka. Mwenyezi Mungu hakumjaalia kuzaa. Alimjaalia wa wenzake. Asubuhi alimshika kila mtoto kichwa, akasema, "Amana ya Mwatum. Amana ya Mwanapili." Kuwahesabu moja, mbili, tatu hakutaka. Watoto wa watu si nazi.

Nyumba ilijaa kuliko siku zote kukiwa na mchezo wa ng'ombe. Mwaka ule wa hamsini na tisa karafuu zilikuwa zimekwisha kuanikwa, watu wana raha zao, na kina mama wote walikwenda uwanjani.

"Nawe twende leo, Bi Kazija!" Mwatum alimwambia akimwacha mwanawe, Jaribu.

"Nikatazame nini? Mtu mzima kumpungia ng'ombe nguo, kisha akimbizwe. Akili hizo?"

"Weye hujui raha."

"Raha naijua. Nishapika uji."

Zumari likalia kule uwanjani, ngoma zikajibu. Kisha zote zikakatika ghafla, na sauti ya mwanamume ikaja mbio kuliko mwenyewe: "Kamba imekatika! Fungeni milango! Tufani huyo yuaja!"

Tufani alikuwa fahali mweusi, shingo kama gogo.

"Ndani! Kitandani!" Bi Kazija aliwasukuma watoto kama kuku. Akaanza kugusa vichwa. Amana ya Mwanapili, ipo. Amana ya Mwanabaraka, ipo. Akagusa, akagusa, mkono ukabaki hewani. Amana ya Mwatum haikuwapo.

Akachungulia uani. Jaribu, mtoto wa miaka mitatu, alikuwa amekaa juu ya jamvi lililoanikwa makonyo, vile vijiti vya karafuu, anatafuna muhogo. Na Tufani alikuwa ameshaangusha ua wa makuti, anaingia, kipande cha kamba kinaning'inia shingoni.

Sasa, Bi Kazija alikuwa amewafundisha watoto wale adabu: akukutaye unakula, mkaribishe. Jaribu akanyanyua muhogo wake.

"Karibu tule," akamwambia fahali.

Tufani akaja.

"Zehra!" Bi Kazija alimwita mkubwa wao, binti wa mwenye duka. "Tia komeo. Usifungue mpaka usikie sauti yangu mimi."

Akatoka, akasubiri nje ya mlango mpaka komeo lilie. Kisha akavuta kanga mabegani, akabaki na ile ya kichwani, akaruka katikati ya ua.

"Ehee! Tufani! Hebu n'tazame mie!"

Tufani akamtazama. Kanga ikapepea, fahali akaifuata, na Bi Kazija akaufuata mfenesi wa pale uani, akauzunguka, shahada mdomoni na ndara moja tu mguuni. Kila akitokea upande huu, pembe zinatokea ule. Watoto walikuwa wamebanana dirishani wakishangilia, maana bibi yao hawajapata kumwona akienda mbio hata kwa mvua.

Wanaume wakafika na kamba. Badala ya kufunga ng'ombe, wakasimama midomo wazi. Kati yao alikuwamo Msellem, mpiga zumari, na zumari lake mkononi. Mdomo wa Msellem ulikuwa haujui jambo jingine: ng'ombe akikabili nguo, hupigiwa. Ukapiga.

Tufani, ambaye alikwisha kuanza kuchoka, akainua mkia upya.

"Mcheze huyo! Mcheze!" wanaume wakapiga makofi.

"Msellem!" Bi Kazija alipiga ukelele akipita mbele yake. Akazunguka mfenesi, akarudi na maneno yaliyobaki: "Mungu akuhidi! Nyamaza na zumari lako!"

Msellem akalitoa mdomoni. "Niwie radhi, Bi mkubwa. Mazoea."

"Zoea kufunga ng'ombe!"

Zumari liliponyamaza, Tufani akasimama, masikio yakigeuka huku na huku, kama mgeni aliyefika harusini watu wameshatawanyika. Shaame, mwenye fahali, akamrushia kamba ya pembe, wenzake wakashika.

"Bibi, tena!" akasema Jaribu.

Kina mama wakaja wanahema. Bi Kazija kwanza alimpangusa Jaribu muhogo mdomoni, ndipo akamweka mbele ya mama yake. "Amana yako. Tazama vidole, tazama masikio. Vyote vipo?"

"Vipo," Mwatum alilia na kucheka pamoja. "Na weye uliyesema huendi mchezoni!"

"Mie sikwenda. Mchezo umenijia nyumbani."

Akagonga mlango, akamwita Zehra, akawakabidhi waliobaki, kila mmoja kwa mama yake.

Alasiri ikaadhiniwa. Akatawadha, akasimama juu ya mswala, akafunga sala. Mashavu ya Msellem yakamjia, yamejaa upepo. Kicheko kikamponyoka, sala ikabatilika. Akaanza upya. Alipofika katikati ya Alhamdu, ikamjia ile "mazoea," akacheka tena. Ya tatu ilikwenda salama mpaka sijida. Paji la uso lilipogusa chini, magoti, ambayo mbio zote zile yalikuwa hayajapata habari, yakaanza kutetemeka. Hakuinuka upesi. Alibaki pale pale akimshukuru Mola wake, mpaka yalipotulia.