Mfuko wa Kulalia Safarini

Juzi, dukani hapa Shinyanga, niliwakuta mume na mke wakichagua kitu cha kulalia porini. Mume alikuwa anakwenda Geita kwa baiskeli kutafuta kazi mgodini. Mwenye duka akamtolea mfuko wa kulalia wa askari, uliobaki baada ya vita.

“Ingia ujipime,” akamwambia.

Mume akajilaza sakafuni, akaingia, na mwenye duka akamfunga vifungo mpaka kidevuni.

Mkewe akachuchumaa kando yake. “Baba Kulwa, ulisema utarudi lini?”

“Nikipata kazi nitaleta habari.”

“Sikuulizia habari. Nimeuliza wewe utarudi lini.”

Mume akajaribu kuinuka, akabiringika tu. Wateja wote tukageuka kutazama.

“Kabla ya mavuno ya pamba,” akasema kwa sauti ndogo.

“Mmesikia?” mkewe akatuuliza. Tukaitikia. Ndipo akamfungua, kifungo kimoja kimoja.

Mume alipopata pumzi akaomba blanketi la kawaida. Mkewe akasema watachukua mfuko uleule.

Nimeona mikataba mingi ya kazi ikitiwa dole gumba ofisini kwa Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya. Nadhani huu wa dukani ndio utakaotimizwa.