Maji Moto ya Kariakoo

Mume wangu alikuwa mkweli hata kwa wateja, isipokuwa barabarani. Mimi sioni tangu utotoni. Kila asubuhi tukivuka kwenda kwenye duka letu la vitenge Kariakoo, niliweka mkono begani kwake, naye akapaza sauti kama wachukuzi: "Maji moto! Maji moto!" Hatukubeba hata birika. Watu waliruka pembeni, mikokoteni ikasimama, tukapita kama maharusi. Tukifika ng'ambo alininong'oneza: "Hayajamwagika."

Alipofariki, binti yangu alitaka nikae nyumbani. Nyumbani kuna nini? Redio na kuta. Mimi nilitaka duka, nipapase vitenge, nibishane na wateja. Tulivutana mpaka akaninunulia fimbo ya kisasa. Ikikuta kitu mbele inatetemeka mkononi. Njia ikiwa nyeupe inanyamaza.

"Mama, leo vuka mwenyewe," aliniambia, akasimama nyuma yangu. "Ukiweza, sikuzuii tena. Ukishindwa, tunarudi nyumbani na dukani ndo basi tena."

Tulipoijaribu kule Posta, fimbo ilifanya kazi kwa adabu. Hapa Kariakoo fimbo ilichanganyikiwa, maskini. Mkokoteni, ikatetemeka. Meza ya mitumba, ikatetemeka. Bodaboda, machinga, gunia la vitunguu, ikatetemeka tu. Nilisimama ukingoni mwa barabara mkono ukiniwasha, nikamsikia binti yangu akisogea kunishika. Nikamkasirikia mume wangu. Mtu gani anakufa na kukuachia Kariakoo nzima uivuke peke yako?

Basi nikapaza sauti. "Maji moto! Maji moto!"

Miguu ikatawanyika. Breki zikalia. "Oya, mpisheni mama apite!" mtu akafoka. Mwingine akacheka: "We mama, maji yenyewe yako wapi?" Nikaenda na fimbo yangu, ikitetemeka mara mojamoja, mpaka nikakanyaga kizingiti cha duka letu. Nyuma yangu, ng'ambo ya barabara, binti yangu alikuwa anapiga vigelegele.

Nilifurahi, siwezi kukataa. Kisha, kwa mazoea, nikainua mkono kutafuta bega. Fimbo ilikuwa imenyamaza. Mbele yangu hapakuwa na kitu.

"Hayajamwagika," nikajisemea, na hapo ndipo yakamwagika.