Alama Tatu za Kogo Chesang

Kogo Chesang, nyanya wa miaka themanini na moja, alikuwa ameshachimba gunia zima la viazi asubuhi ile Mathenge, mpimaji wa wazee, alipofika Kuresoi na fomu yake ya kupima kama mtu bado anaweza kujitunza. Mimi ni jirani, nilikuwa nikichimba naye. Mathenge hakuuliza matope ya buti za Kogo yametoka wapi. Watu wa fomu hawana macho, wana kalamu.

Aliyemtuma ni Fancy, binti ya Kogo anayeishi Nakuru. Alikuwa ameapa kwamba mama akipata chini ya alama tano kati ya nane, anahamia mjini, apende asipende. Kogo hakutaka. Alitaka kufia shambani kwake, basi.

Tukaketi. Cheruto, mke wa mwanawe, akatumiminia chai.

"Mathe, unaweza kujipikia?"

Kogo alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Nijipikie, na Cheruto ako hapa?"

Mtoto yeyote wa huku anaelewa jibu hilo. Mama mkwe hamwambii mgeni kwamba anajipikia. Ni kumtangaza mke wa mwanawe kuwa mvivu. Na Kogo ndiye aliyepika kila Cheruto alipoenda sokoni. Mathenge, pamoja na vyeti vyake vyote, akaandika: hawezi.

Kufua? Cheruto hufua. Hawezi. Kwenda dukani? Cheruto. Hawezi. Kila alivyomsifu mkaza mwana ndivyo alivyojizika.

"Boss, si umwambie akuonyeshe?" nikasema.

"Mzee, fomu haina mahali pa jirani."

Alama tatu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alikuja mwenyeji augue.

Nilimdharau kijana yule, lakini Fancy nilimdharau zaidi. Alilelewa jikoni mwa Kogo na bado akaamini karatasi. Wiki hiyo hiyo akamchukua.

Mwaka uliofuata nilienda Nakuru kumwona. Kogo alikuwa kwenye sofa, blanketi magotini, mikono imekuwa laini. Jiko la gesi hakuruhusiwa kuligusa. Akitaka kusimama, alimwita msichana wa kazi. Aliniuliza viazi vimetoka vipi, nikamjibu, kisha akaniuliza tena.

Fancy akanisindikiza hadi mlangoni. Mathenge alikuwa amerudi kumpima mama, akaniambia, na alama zimetoka tatu vile vile.

"Unaona?" akasema kwa fahari. "Hiyo fomu haidanganyi."