Mlango wa Mjomba Sadala

Mjomba wangu Sadala alikuwa mtu wa maswali. Ukimwambia mvua imenyesha Mnyuzi, atataka kujua ilitokea upande gani na kama ilikuwa na upepo.

Serikali ilipotuhamishia kijiji kipya huku Kang'ata, mwaka sabini na nne, mjomba alibeba vyungu, kuku na gobore lake la kuwindia. Mlango wake wa mninga aliuacha kwenye nyumba ya zamani, ameufunga vizuri. Kwenye nyumba mpya akatundika jamvi mlangoni. "Tutarudi tu," alimwambia mkewe, Chausiku, na kila Ijumaa baada ya sala alikwenda kule kufagia. Nilimwambia huo ni ukaidi, lakini mjomba hasemeki.

Bweha ndio walioufurahia ujamaa kuliko sisi. Kuku wote sasa walikuwa mahali pamoja! Kijiji kikaomba bunduki, maana gobore la mjomba lilikuwa linagoma kila baruti ikipata unyevu. Bwana nyama wa idara ya wanyamapori, kijana mmoja aitwaye Valerian, akatuletea mbili tuchague moja. Kubwa ilikuwa na risasi ndefu kama kidole. Ya pili ilikuwa nyembamba, risasi yake ndogo kama punje ya hindi. Wote tulitaka kubwa, na mimi nilipiga kelele kuliko wenzangu.

Mjomba alizigeuzageuza, akachungulia mitutu, akanusa mafuta.

"Bwana Valerian, risasi ikimkosa bweha inakwenda kulala wapi?"

"Inategemea itakutana na nini, mzee."

"Zamani nyuma ya bweha kulikuwa na pori. Sasa mmetupanga mstari. Nyuma ya bweha yuko Zuena."

Watu walicheka. Zuena ni mimi, kwa hiyo sikucheka sana.

Valerian akasema tujaribu kwenye ukuta wa udongo. Ukuta wa nani? Kila mtu akatazama pembeni. Mjomba akasema taratibu, "Iko nyumba yangu kule." Chausiku alimtazama.

Tukaenda. Risasi ya bunduki kubwa ilipita ukuta wa mbele, ikapita wa chumbani, ikatokea nyuma na kumwaga udongo uani. Ile ndogo ilitoboa wa mbele, ikanasa kwenye ukuta wa chumbani. Mjomba aliingia ndani, akachuchumaa, akatia kidole kwenye tundu.

"Si hapa ulipokuwa unalaza kichwa?" alimuuliza mkewe.

"Hapo hapo," alisema Chausiku.

Alitoka akasema tuchukue ndogo. Tena hata hiyo isielekezwe kwenye nyumba. Bweha asubiriwe upande wa korongo. Valerian akakubali, na watu wakaanza kurudi kijijini.

Mjomba alibaki amesimama anaitazama nyumba yake. Mwanga ulikuwa unapita kwenye matundu. Nilimhurumia, nikajuta kumwita mkaidi.

"Zuena, shika huku," alisema.

"Wapi, mjomba?"

"Kwenye mlango. Nyumba yangu mpya nayo ina watu nyuma yake na mbele yake. Si ya jamvi tena."

Tukaung'oa. Mninga ni mzito, bega liliniuma vibaya. Chausiku alitangulia na ufagio mkononi, mjomba akashika upande wa mbele, na njia nzima hakuuliza swali hata moja.