Saumu Isiyo Yake

Kwetu Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, mgonjwa anajulikana mwisho wake: apone, au azikwe. Kwa yote mawili watu wanajua la kufanya. Wanakuja na sukari na sabuni, wanakaa pembeni ya kitanda, wanasoma Fatiha, wanaondoka. Mimi nimewaharibia utaratibu. Huu ni mwaka wa tatu tangu nirudi kutoka Ubelgiji na magoti yanayovimba na uchovu ambao usingizi hauugusi, na hakuna anayejua tena aniletee nini. Sukari ilikoma mwezi wa pili. Siwalaumu sana, ingawa wapo wawili watatu ninaowalaumu.

Ugonjwa wenyewe unaitwa Lyme, na huletwa na kupe. Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba ya kutunza wazee, huko kusini kwenye misitu, na kila alasiri nilimsukuma bibi mmoja kwenye kiti chake cha magurudumu hadi ukingoni mwa miti, kwa sababu alipenda kusikiliza ndege. Siku moja nikakuta kupe nyuma ya goti langu, mdogo kama punje ya ulezi. Nikamng'oa kwa kucha, nikamtupa, nikasahau. Kwenye duka la dawa la pale kijijini kulikuwa na picha ukutani: mguu mweupe wenye duara jekundu, na onyo chini yake. Wiki chache baadaye nilijitazama. Kwangu hakukuwa na duara jekundu. Kulikuwa na weusi kidogo juu ya weusi, nikasema nimejigonga mahali. Picha ile haikuwekwa kwa ajili ya miguu kama yangu, na hilo bado linanitia hasira nikilikumbuka.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nusu ya uso wangu ililegea, chai ikawa inanitoka pembeni mwa mdomo. Ndipo wakanipima damu na kunipa antibiotiki za wiki tatu. Uso ukarudi, mengine hayakurudi. Daktari wa hospitali, mtu mpole, akaniambia mdudu aliyeachwa mwilini na kupe amekwisha kufa, kilichobaki ni mwili unaochelewa kutulia, na dawa zaidi zingeniumiza bure. Daktari wa pili, wa kujitegemea, niliyeelekezwa na wagonjwa wenzangu, akasema mdudu amejificha ndani, na nikimsikiliza yule wa kwanza nitakufa na cheti cha kupona mkononi. Akanitundikia dripu miezi minne. Nikaharisha mpaka nikalazwa, na magoti yakabaki vilevile. Kila mmoja alimtaja mwenzake kama anataja mwizi. Mimi mwenye magoti sikuwa na kura.

Nikarudi nyumbani kwa mama yangu. Ni mjane, ana miaka sabini na kitu, ana presha, na bado anauza vitenge sokoni. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema:

"Kupe ni ya ngombe. Mutu anakamatwaka na malaria."

Basi tukapima malaria. Tukapima na tifoidi, maana hapa Bujumbura hujaumwa kama hujapimwa hivyo viwili. Daktari mmoja wa Rohero akanitafutia hata homa ya papasi, ile inayoletwa na binamu wa kupe wanaokaa kwenye nyufa za nyumba za udongo. Hakuona kitu. Ila alikuwa mkweli. "Ugonjwa yako nimeisoma mu kitabu," alisema, "sijaiona kwa mutu." Nilimpenda kwa maneno hayo.

Kisha ukaja mwezi wa Ramadhani. Nilifunga siku tatu. Ya nne mama alinikuta nimeanguka uani karibu na ndoo, na ni yeye mwenyewe aliyenitia maji kinywani. Jioni, huku akipepea mkaa, akasema bila kunitazama:

"Utapona, utalipa siku zako."

Nikaenda kwa shehe wetu, ambaye asubuhi hutengeneza pikipiki na jioni husomesha watoto. Akajifuta mikono, akanieleza. Mgonjwa anayetarajiwa kupona hula, kisha hulipa siku zake akipata nguvu. Asiyetarajiwa kupona halipi; hutoa fidia, kwa kila siku anamlisha maskini.

"Sasa we uko upande gani?" akaniuliza. "Muganga yako anasema nini?"

Nilicheka, na haikuwa adabu. Swali lililowagombanisha madaktari juu ya kichwa changu lilikuwa limepanda ndege na kunifuata hadi gereji ya Buyenzi. "Niko nao wawili, Shehe. Mumoja anasema nimeshapona. Mwingine anasema bila yeye sitapona."

Akanishauri ningoje kwanza. Mama ndiye hakutaka hata kulisikia neno fidia. "Fidia ni ya wazee," alisema. "Mi sijazaa muzee." Nami, kusema kweli, niliogopa vilevile. Kutoa fidia kungekuwa kusema kwa mkono wangu kwamba ndivyo nitakavyokuwa hadi kaburini. Kwa hiyo nikangoja. Ramadhani ya pili ikaja, nikaila yote.

Katika muda huo mama alikuwa ameanza kufunga kila Jumatatu na Alhamisi. Ni sunna, wacha Mungu wengi hufunga siku hizo, sikuuliza kitu. Lakini moyoni nilichukia. Mdomo wake mkavu niliuona kama wa kunisuta: mama mzee anafunga, binti analala hadi saa nne. Nilidhani ananionyesha kwamba mtu akitaka anaweza. Kuna Alhamisi nilikunywa chai mbele yake kwa makusudi, na leo naona aibu kuandika hivyo.

Alhamisi moja alirudi kutoka sokoni saa tisa alasiri, akakaa kizingitini bila kutua mzigo. Midomo ilikuwa imepauka. Nikamletea maji.

"Kunywa, Mama. Ni ya sunna tu, utafunga siku ingine."

"Siwezi kuikata. Si yangu."

"Kama si yako ni ya nani?"

Akasugua goti lake. "Ni yako. Imebaki tisa."

Sikuelewa, akanielewesha. Zile siku zangu ishirini na saba za mwaka wa kwanza alikuwa amezimaliza. Sasa alikuwa kwenye zile za mwaka wa pili. Nikasema jambo la kijinga, kwamba nilidhani haniamini.

"Mutu anajifanyaka mbele ya watu," alisema. "Mi nimekuangalia ukilala. Unaliaka mu usingizi, unashika magoti. Mutu hajifanye akilala."

Kesho yake asubuhi nikaenda gereji. Shehe alikuwa chini ya pikipiki. Nilipomaliza kumweleza akatoka, akaweka spana chini.

"Hakuna kumufungia mutu angali muzima," akasema. "Kufungia ni kwa maiti. Mutu akikufa na siku zake, ndipo mama ao mutoto yake anamufungia." Akainamisha macho. "Usimuambie hivyo. Muambie tu aache, kwa upole. Mungu ameona moyo yake. Na we, kama kupona hauoni, toa fidia. Siku Mungu akikuponya haudaiwe tena."

Nilirudi kwa miguu, polepole, nikipita kwenye mafundi na matairi yao, nalia mchana kweupe kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Nilimkasirikia kupe. Niliwakasirikia wale madaktari wawili na uhakika wao. Nilimkasirikia hata mama, aliyekuwa akinifanyia kwa miezi yote hiyo yale anayofanyiwa mtu aliyezikwa, akidhani ndivyo anavyonizuia nisizikwe. Na ndani ya hasira hiyo nilijua kwamba katika wote walionipima na kunichoma sindano, hakuna aliyeniamini kama yeye. Alikuwa tayari kuanguka na presha yake ili siku ya kupona kwangu nikute njia imesafishwa.

Nilipitia Rohero kwa yule daktari mkweli, nikamwomba aniandikie kwamba sitapona. Akakataa. Nikamwomba basi aandike kwamba nitapona. Akakataa vilevile, akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikaona hakuna mwingine wa kulisema ila mimi.

Jumatatu nilipika wali na maharagwe na ndagala, wale dagaa wa ziwani, kwenye sufuria kubwa ya siku za arusi. Fidia ya siku zote isingeingia kwenye sufuria moja. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Ilikuwa ya bibi mmoja kipofu wa barabara ya kumi na tatu anayelea wajukuu zake. Nilipumzika mara tatu kabla maharagwe hayajaiva. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anakunja vitenge, amefunga.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya fidia, Mama."

Aliendelea kukunja kitenge kilekile, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mi nilisema utapona."

"Nikipona, Shehe amesema sidaiwe."

"Na zile zimebaki?"

"Hakuna zimebaki. Zimeisha, Mama." Nikachota kikombe cha maji, nikapiga magoti mbele yake, jambo ambalo kwangu si dogo. "Leo hauna deni ya mutu. Kunywa."

Alikishika kile kikombe kwa mikono miwili na kunitazama muda mrefu, na nikaona anazeeka mbele yangu. Kisha akasema bismillahi, akanywa chote, akaomba kingine.

Alipomaliza akainuka, akafunga kanga kiunoni, akashika upande mmoja wa sufuria kwa kitambaa. "Njo," akasema, "peke yako hautaiweza." Nikashika upande wa pili, tukatoka.