Milango ya Msasa

Nikimwona Msasa barabarani navuka upande wa pili. Simwogopi. Ni kinyaa tu, kama unavyokwepa maji ya mtaro. Na huyu mtu alikuwa shemeji yangu, nimempakulia chakula, nimemwita "shem" kwa mdomo huu huu. Ptuu!

Ni seremala. Jina la Msasa alipewa na wateja, maana ukienda kumfokea kwamba kabati lako halijaisha, atakulainisha kwa maneno mpaka unaondoka ukimshukuru, na kabati huna. Mdogo wangu naye alilainishwa hivyo hivyo akaolewa. Haki ya mtu nimpe: mikono yake ina ufundi. Ubovu uko kichwani.

Mdogo wangu ni msimamizi wa tanuri kwenye kiwanda cha mikate. Ana mshahara, kwa hiyo mkopo wa nyumba benki ilimpa yeye, na kila mwezi unakatwa kabla hajauona. Hati ikaandikwa majina mawili, kwa sababu mume ni mume, na kwa sababu Msasa aliitengeneza milango yote ya ndani kwa mbao ngumu, pamoja na makabati ya jikoni. Huo ndio ulikuwa mchango wake, na kila mgeni aliyeingia alitangaziwa. "Pitisha mkono hapo. Umeona kazi?" Mgeni anapitisha mkono, anasifu. Hata mimi nilisifu.

Wakaachana. Sababu ni mteja mmoja aliyekuja kuagiza kitanda, sitaki kuieleza zaidi ya hapo, nitatapika. Msasa akahamia karakana, watoto wakabaki na mama yao: binti, ambaye ameshafika ule umri wa kutaka kujifungia chumbani, na mdogo wake wa kiume, bado anang'oka meno ya utoto. Bibi wa ustawi wa jamii akawakalisha wazazi, akampangia Msasa matunzo ya kila mwezi, tena kidogo tu. Jamani, matunzo yenyewe yalivyokuja! Kwanza alileta nusu. Kisha akasema mbao zimepanda bei. Kisha akaleta kigoda. Kigoda, tena mguu mmoja mfupi, mteja amekikataa! Akakibwaga barazani, akasema, "Hiki mkihesabu kwenye matunzo."

Mdogo wangu akamuuliza, "Tukichemshe au tukikaange?"

Ikabaki nyumba. Bibi wa ustawi aliufafanua mpango taratibu, na mimi nipo, ili pasiwe na wa kusema hakusikia. Mthamini wa benki atakuja kukadiria bei ya nyumba. Kwenye bei hiyo litaondolewa deni la benki, na kinachobaki watagawana nusu kwa nusu. Mdogo wangu ataongezewa mkopo, amlipe Msasa nusu yake, na nyumba itakuwa yake na watoto. Lakini benki ilishamwambia kiwango chake cha mwisho. Nusu ya Msasa ikizidi hapo, nyumba inauzwa, na mama na wanawe wanakwenda kutafuta chumba cha kupanga.

Mdogo wangu alipiga hesabu mpaka akakonda. Nyumba ilikuwa nzuri mno, na uzuri huo ndio ungemtoa. Msasa alisaini mpango huo huku anatabasamu, na kule karakana akaagiza mashine mpya ya randa, akajigamba kwamba pesa iko njiani.

Sasa sikilizeni uchafu. Mthamini ametuma habari kwamba anakuja kesho. Mdogo wangu yuko zamu ya asubuhi, watoto shuleni, mimi, niliyehamia kwao kumsaidia tangu waachane, nimetoka kwenda sokoni. Narudi, nakuta mkokoteni nje, na Msasa ndani anafungua bawaba za mlango wa bafuni. Ya vyumbani ilishatoka yote. Makabati ya jikoni yameng'olewa, sahani na sufuria zimetandazwa sakafuni.

"Wewe! Unafanya nini?"

"Shem, usipandishe presha. Nachukua vitu vyangu."

"Vitu vyako vipi? Hii si nyumba?"

"Nyumba ni kiwanja, kuta na bati. Ndivyo benki inavyopima. Milango ni samani, kama kiti tu. Mimi ndiye seremala, au utanifundisha kazi?" Akatia skrubu mfukoni. "Nusu ya nyumba nitalipwa, na milango yangu nitaiuza. Mtu hanyang'anywi jasho lake."

"Hata wa bafuni? Msasa, una binti humu ndani."

"Mtundike shuka."

Nikatema mate pale pale kizingitini. Akasukuma mkokoteni akaenda zake. Aliacha mlango wa mbele peke yake, kwa sababu ule ni wa chuma, kazi ya fundi mwingine.

Binti aliporudi alisimama mbele ya lile tundu la bafuni, mkoba bado mgongoni. Hakulia. Alikwenda kutafuta shuka. Tangu siku ile akawa anaoga mimi nimesimama nje nimelishika shuka pembeni lisipeperuke, na yeye anajimwagia maji harakaharaka kama mtu anayeiba.

Mthamini alikuwa bwana mkimya mwenye futi ya kuvuta. Akapita chumba kwa chumba, akapiga picha fremu tupu na kuta za jikoni zilizochubuka.

"Milango iko wapi?"

"Ameichukua mwenye nusu yake," mdogo wangu akajibu.

"Mimi nathamini ninachokiona, mama. Nyumba ya namna hii tunaihesabu haijamalizika."

Nikafungua mdomo nianze kulalamika. Mdogo wangu akanikanyaga mguu, akanikanyaga sawasawa. Nikafunga mdomo.

Bei ilipotoka ilikuwa imeporomoka. Deni likabaki pale pale, maana mkopo ulikuwa bado mbichi. Baada ya kuliondoa, nusu ya Msasa haikufika hata bei ya ile mashine ya randa. Mdogo wangu akaongezewa mkopo, akamlipa, hati ikabaki na jina lake. Msasa alipiga kelele pale ofisini mpaka mlinzi akaja: ameibiwa, ametegwa, mthamini amehongwa! Bibi wa ustawi alimuuliza jambo moja tu, nani alitoa milango. Mtaani wakasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Walicheka. Mimi sikucheka kama nilivyodhani ningecheka, kwa sababu pesa yote ya nyumba ile ilikuwa imekwenda benki na kwa Msasa, na mtoto alikuwa bado anaoga nyuma ya shuka.

Halafu Jumamosi moja tukaona mkokoteni unakuja, na milango yote imepangwa juu yake. Kumbe imekosa mnunuzi. Kila mmoja ulikatwa kwa kipimo cha fremu zetu, na hauingii kwenye nyumba nyingine yoyote. Mungu anisamehe, kwa dakika nzima nilidhani amepata haya. Mtoto wa kiume akaruka, "Baba kaleta milango!"

Msasa akafuta jasho. "Nimewafikiria nyie kwanza, kabla sijaichana niuze mbao. Bei ya kawaida tu."

Mdogo wangu akasema, "Kata kwenye matunzo unayodaiwa."

"Usichanganye mambo. Matunzo ni matunzo, biashara ni biashara."

Hapo binti akatoka ndani. Akaenda mpaka kwenye mkokoteni, akaonyesha kwa kidole.

"Baba, ule wa bafuni ni bei gani?"

 Nikasema moyoni, sasa atainamisha kichwa, hata mbwa angeinamisha. Msasa akaukagua mlango juu mpaka chini, akakuna kidevu, akataja bei. Kisha akamtazama mwanawe, akatabasamu.

"Lakini wewe ni damu yangu," akamwambia. "Nitakupunguzia."